Mkono Uliobaki Kasongo

Kabambare, tarehe 6 Februari 1955

Mdogo wangu Subira,

Usicheke mwandiko. Ni wa mkono wa kushoto, na karatasi hii nimepigana nayo tangu juzi. Mwalimu Fidèle wa misioni angeniandikia vizuri, lakini yeye anaandika herufi za Kizungu na wewe unasoma hizi zetu za Kiarabu tu, za chuo cha Kurani. Tena maneno yenyewe sitaki yapitie kinywa cha mtu mwingine.

Tangu tulipoagana pale hospitali ya Kasongo, kidonda kimefunga. Ngozi imekuwa ngumu, hata Mwavita mke wangu anaiosha bila kugeuza macho. Hapa kila mtu ananiambia, "Bulaimu, umepona." Sijapona. Mkono uko.

Najua ulikatwa chini ya kiwiko. Nikitazama sioni kitu, mkono wa shati unaning'inia. Lakini uko, nao umefumba. Ule mti wa daraja tulilokuwa tunajenga uliponiangukia nilikuwa nimeshika mpini wa tezo. Vidole vikakaza pale pale, vikabaki hivyo njia nzima ndani ya kamio, lile lori lililonipeleka Kasongo, mpaka dokta akanitia usingizi. Mpaka leo havijaachia. Kucha zinachoma kiganja. Naviambia vifunguke, havinisikii. Siku nyingine nimekaa tu mbele ya nyumba, watu wanapita wananisalimia, na jasho linanitoka kwa maumivu. Kazi ya useremala imesimama. Nikishika nyundo kwa kushoto inapiga kila mahali isipokuwa msumari.

Mjomba wa Mwavita alikuja kutoka Lusangi. Akasimulia kwamba kule migodini alimwona mtu aliyekatwa mguu, na vidole vya mguu ule vikawa vinamuuma. Wakaufukua, wakakuta vidole vimekunjwa, wakavinyoosha, maumivu yakaisha. Sijui kama ni kweli. Lakini mkono wangu ulibaki huko kwenu na sikuuliza ulizikwa wapi.

Nenda hospitali, Subira. Uliza. Tafuta mtu aufukue, unyoshe vidole kimoja kimoja, uufunge katika kitambaa cheupe, uzikwe upya kama inavyopasa kiungo cha Mwislamu. Wewe ni mtu wa mwisho niliye naye wa tumbo moja. Dereva Emile atakuletea barua hii, na jibu umpe yeye.

Kaka yako,
Bulaimu


Kasongo, tarehe 27 Februari 1955

Kwa yaya Bulaimu, kaka yangu mkubwa, na salamu kwa wifi Mwavita.

Barua yako niliisoma nimejifungia chumbani. Faradji mume wangu aliniuliza kuna habari gani, nikamwambia mnaomba chumvi. Mungu anisamehe.

Nimefanya ulichoniagiza. Kaburi liko nyuma ya hospitali, karibu na mihogo. Mlinzi alinionyesha mahali. Mkono ulikuwa umefumba kweli, kama ulivyosema. Niliviloweka vidole kwa maji ya uvuguvugu, nikavinyosha kimoja kimoja, gumba mwisho. Nikaufunga katika kitambaa cha marekani kipya, na mwalimu wa chuo akasoma. Sasa umelala umefumbua, kiganja juu.

Basi tulia, yaya. Kula. Jifunze nyundo taratibu. Usiwaze tena mambo ya huku, huku kumekwisha.

Mdogo wako,
Subira


Kabambare, tarehe 15 Machi 1955

Subira,

Siku Emile alipoleta barua yako nilimwita Mwavita nikamwambia, "Umefunguka." Nakuapia nilisikia kama umelegea. Nilikula vizuri, nikacheka na watu. Kisha ukafumba tena, na safari hii umekaza zaidi, kama mtu aliyekasirika kwa kuguswa.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nina swali moja, ulijibu kwa haki. Kwenye kidole gumba changu, upande wa ndani, pana kovu la patasi, refu, lililopinda. Huwezi kunyosha kidole hicho usilione. Hukuliandika.

Labda walikuonyesha mkono wa mtu mwingine. Wako wengi waliokatwa hapo. Kama ni hivyo, kuna mtu mahali fulani anashangaa kwa nini vidole vyake vimenyoka, na mimi bado natokwa jasho. Rudi, uangalie tena.

Wasiwasi umeniingia mpaka nyumbani. Nilimfokea Mwavita kwa sababu ya sahani. Tazama, nalazimika kula kwa mkono huu, mkono ambao baba alitupiga tulipoupeleka kwenye chakula, nao unamwaga. Yeye alitaka kunilisha. Nikasukuma sahani.

Bulaimu


Kasongo, tarehe 2 Aprili 1955

Yaya,

Hakuna kovu kwa sababu hakuna mkono. Sikufukua kitu.

Sasa nisikilize nami nieleze nilivyopelekwa huku na huku kwa ajili yako. Mlinzi wa mlangoni alinituma kwenye dawa. Wa dawa wakanituma kwa Mamère, yule mtawa mnene. Mamère alidhani nimekuja kudai maiti, akaniuliza jina la marehemu. Nikasema marehemu hayupo, ni mkono tu. Akanitazama kama mtu mwenye homa, akanipa vidonge. Nilirudi tena na tena. Mwisho akaja Grégoire, infirmie anayemsaidia dokta, ndiye alikuwepo ulipokatwa. Akaniambia, "Mama, vitu vya namna ile hatuziki. Tunachoma. Iko tanuru huko nyuma. Mukono ya ndugu yako ilichomwa siku ile ile."

Nilikaa chini kwenye majani. Ningekuandikia nini? Kwamba unaumwa na majivu? Nikaona nikuandikie ulichotaka kusikia, upumzike, na mimi nipumzike. Sikujua kwamba utaniuliza makovu kama hakimu.

Umeniudhi, yaya, na mimi nimekuudhi. Lakini usinitume tena kutafuta kitu kisichokuwepo.

Subira


Kabambare, tarehe 24 Aprili 1955

Wifi yangu Subira,

Mimi ni Mwavita, na mwenye kuandika ni mwalimu Fidèle. Yeye ni Mukristu lakini ni mutu muzuri, amesema hatapeleka maneno inje. Bwana yako Faradji akusomee.

Kaka yako hako muzima. Tangu barua yako ile ya moto, anasema mukono inaungua. Zamani ilikuwa inafumba, sasa inafumba na inaungua. Anaitia ndani ya ndoo ya maji. Nasema kweli, anaweka kipande cha mukono juu ya ndoo, na ile ingine, ile haiko, anasema iko ndani ya maji. Watu wanaona. Watoto wa jirani wanakuja kuangalia.

Hataki kwenda musikitini tena, kwa sababu ya kupeana mukono. Mimi nikisema kitu, anasema, "Wewe haujui." Ni kweli, mimi sijui. Nani ataniambia nijue?

Sasa anataka kwenda Kasongo, dokta akate tena, mupaka kwa bega. Nikamuuliza, "Na kama dokta anakataa?" Akasema, "Basi panga iko." Niliificha panga ya shamba kwa jirani, sasa ninalima na jembe peke yake.

Nimechoka, wifi. Niliolewa na mutu mwenye kuchonga milango, mutu wa kucheka. Mama yangu iko Lusangi, nyumba yake iko wazi. Wewe ndiye uliandika maneno ya moto. Tafuta maneno ingine.

Ni mimi,
Mwavita


Kasongo, tarehe 8 Mei 1955

Kwa yaya Bulaimu,

Nakuandikia nina swaumu na kichwa kinauma, kwa hiyo nitasema moja kwa moja. Usije kukatwa. Na hilo jambo la panga, likirudi tena kinywani mwako, nitapanda kamio ya Emile nije mwenyewe, na hutanipenda nikifika.

Nilimfuata Grégoire mpaka kwake. Alikuwa anamwagilia mboga. Nikamwambia, "Baba, nilipotaka kaburi mlinipa vidonge. Leo nataka maneno." Akaweka debe chini. Akaniambia umesema kweli, si wazimu. Ameona wengine. Kuna mzee alikatwa mara mbili kwa sababu ya maumivu kama yako, na maumivu yakapanda naye, mkono mzima ukabaki umefumba vile vile juu ya bega. Kukata hakusaidii.

Dokta humwambia kwamba mkono wa mtu haukai begani tu. Ndani ya kichwa, katika ubongo, kila kiungo kina mahali pake, kama nyumba zilizojengwa mstari mmoja. Mkono una nyumba yake na uso una nyumba yake, nazo ni jirani, ukuta kwa ukuta. Wewe umekatwa mkono wa nje. Nyumba ile haikubomolewa. Iko, inangoja habari za vidole, habari haziji, na ya mwisho iliyopata ni ile ya kushika tezo.

Nikasema, "Basi nyumba ile ipelekewe habari nyingine." Grégoire akatikisa kichwa. Dokta amemwambia kichwa cha mtoto ndicho kinachojengwa. Cha mtu mzima kimekwisha, nyuzi zake zimefungwa mahali pake, hakibadiliki tena mpaka kaburini.

"Na kaka yangu afanye nini?"

"Azoee," akasema, akachukua debe lake.

Nilirudi nyumbani nikabamiza mlango. Nimekuletea habari, yaya, lakini sijui ni za kufanyia nini.

Subira


Kabambare, tarehe 12 Juni 1955

Subira,

Nisomee hii polepole, na kama unaweza mpelekee dokta maneno haya kama yalivyo.

Baada ya Idi nilikuwa na ndevu kama mtu wa matanga. Mwavita alikuwa hasemi nami, basi nikaenda kwa Lukumani, kinyozi wa sokoni. Akanilowesha uso. Maji yakateremka kwenye shavu la kulia, na yakateremka kwenye kidole gumba. Nikaruka kitini. Nikatazama chini nione nani amenimwagia. Mkono wa shati mkavu kabisa. Lukumani akauliza, "Nimekukata?" Nikamwambia, "Pitisha tena kidole hapo." Akapitisha. Akanigusa shavu, nami nikaguswa gumba.

Nikaenda nyumbani nikachukua unyoya wa kuku. Shavuni ni gumba. Juu ya mdomo ni kidole cha shahada. Kidevuni, upande huu wa kulia, ni kidole cha mwisho. Katikati bado nachanganyikiwa. Nilirudia kesho yake, na wiki iliyofuata, vidole havikuhama. Shavu la kushoto ni shavu tu.

Sasa sikia. Lukumani alininyoa hata kabla ya mwaka mpya, kidonda kilipokuwa bado kina kitambaa. Maji yalipita hapo hapo na sikusikia kitu ila maji. Kwa hiyo jambo hili limeanza baadaye. Wewe umeniandikia nyumba mbili za jirani, ukuta kwa ukuta. Basi ukuta umetobolewa, au jirani ameona nyumba haina mtu akapitisha mlango. Mimi ni mtu wa miaka arobaini na zaidi. Kama kichwa changu kimekwisha kujengwa, nani amejenga hapo?

Kuna jingine. Nikiweka kitambaa cha maji ya moto shavuni, gumba linalegea. Halifunguki, linalegea tu, kidogo, kisha linakaza tena. Lakini ni mara ya kwanza linanisikia tangu daraja.

Nilimwita Mwavita nimwonyeshe. Akasema, "Jana ilikuwa ndoo, leo ni kuku." Akatoka.

Muulize dokta. Yeye ndiye mwenye vitabu.

Bulaimu


Kasongo, tarehe 3 Julai 1955

Yaya,

Nimemwona dokta. Nilikaa kwenye benchi na wagonjwa, na zamu yangu ilipofika Grégoire akasimama kati yetu kutafsiri. Nikasema yote: shavu, gumba, kidevu, kidole cha mwisho, kwamba kabla ya mwaka mpya halikuwepo na sasa liko. Nikasema maneno yako yale yale, nani amejenga hapo.

Dokta alisikiliza, sitamsingizia. Kisha akasema maneno marefu, na Grégoire akanipa mafupi: "Anasema ndugu yako anatamani mukono yake sana. Mutu akitamani sana, anasikia kitu yote."

Nikamwambia, "Mwambie amjaribu. Amfunge macho, amguse, aone kama atakosea." Dokta akatazama benchi, limejaa mpaka nje. Akasema ukifika Kasongo siku moja atakuangalia kidonda. Kidonda, yaya. Nikamwambia kidonda kimepona tangu zamani. Alikuwa amekwisha kumwita mwingine.

Mlangoni Grégoire akanishika bega. Kumbe alikuwa amejaribu mwenyewe, kwa siri, kwa mtu aliyekatwa mguu. Alimgusa shavu. Yule akasikia shavu, basi. Grégoire akasema labda mguu jirani yake ni mwingine, au labda dokta amesema kweli. Hajui. Alisema hivyo, "Sijui," na nadhani ni neno la kwanza lililonyoka nililolipata pale tangu Februari.

Mimi nakuamini. Lakini kuamini kwangu hakuna kazi hospitalini. Nilishona nguo jioni ile, mshono wote ukaenda upogo, nikaufumua.

Je, Mwavita bado yuko?

Subira


Kabambare, tarehe 31 Julai 1955

Mdogo wangu,

Mwache dokta. Nilikasirika nikatupa barua yako, kisha nikaiokota.

Umeuliza habari za Mwavita. Juma lililopita nilimkuta anafunga mzigo. Sufuria, kitenge, mkeka wake. Nikamuuliza, "Unaenda wapi?" Akasema, "Lusangi. Mama aniuguze mimi sasa." Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

Nikakaa mlangoni. Nikamwambia, "Nenda. Lakini kabla ya kwenda nifanyie kitu kimoja ambacho dokta amekataa." Nikamwomba anifunge macho kwa leso yake, anifunge vizuri, anishike uso popote anapotaka bila kusema, na mimi nitamwambia kidole. Akasema ni mchezo wa watoto. Nikasema ndiyo, basi uucheze mara moja uende.

Akanifunga. Akagusa shavu. Nikasema, "Gumba." Akagusa kidevu. "Kidole cha mwisho." Akagusa juu ya mdomo, akarudi kidevuni, akaruka shavu la kushoto kunitega, nikamwambia, "Hapo ni uso tu, usinidanganye." Akagusa mahali mbele ya sikio ambapo mimi sijawahi kujaribu, nikasikia katikati ya kiganja, pale pale kucha zinapochoma. Nikamwambia hivyo. Akaweka kidole chake hapo, akaanza kuzungusha polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Sikumwomba.

Akasema, "Kumbe hukuwa unasema uongo." Nikamwambia hapana. Akasema, "Wakati wote ule, ndoo na nini, mukono ilikuwa inauma kweli." Nikasema ndiyo, kweli. Basi akalia. Si kwa huruma tu, Subira. Alilia kwa hasira pia, alinipiga ngumi ya bega, akaniambia nimemfanya akae peke yake ndani ya nyumba yenye mume.

Yanayofuata si maneno ya kumwandikia dada, lakini nitamwandikia nani? Aliegemeza uso wake kwenye uso wangu, leso bado iko machoni. Machozi yake yakateremka shavuni kwangu, karibu na sikio, na nikayasikia kiganjani. Yalikuwa ya moto. Nikasikia yanakusanyika. Mkono ulikuwa umelegea, nami nikaogopa yatamwagika, nikaufumba. Sikia vizuri: si wenyewe uliofumba, ni mimi niliyeufumba. Kisha nikauambia ufumbuke, ukafumbuka wote, mpaka kidole cha mwisho. Nikaufumba, nikaufumbua tena. Sikumwambia Mwavita, nilitaka kwanza kuwa na hakika. Tulikaa hivyo mpaka mbuzi wa jirani wakarudi.

Usifikiri imekwisha. Asubuhi niliamka umefumba kama kawaida, kucha ndani, kama kwamba hatujafanya kitu. Nilikaa kitandani nikautukana kwa Kiswahili na kwa Kibangubangu. Mzigo wa Mwavita haukuwa mlangoni, nikajua amekwenda, na nikautukana zaidi.

Akaingia na sufuria ya maji ya moto na kitambaa begani. Akapiga magoti mbele yangu, akakamua kitambaa, akasema, "Geuza uso."

Kaka yako,
Bulaimu